Wanunuzi wa almasi wanalipia uzito, wanasahau mwanga

WAFANYABIASHARA wengi wa almasi, hasa wale wenye mtaji mdogo, wana desturi moja inayowagharimu fedha nyingi. Jiwe likiwekwa mezani huulizwa kwanza lina karati ngapi, kisha rangi yake, kisha kama lina doa ndani. Majibu matatu hayo yakishapatikana, mazungumzo ya bei huanza. Swali la nne, yaani jiwe limekatwaje, ama huachwa kabisa au hujibiwa kwa neno moja tu, "zuri", na biashara ikaendelea.

Sababu ya desturi hiyo inaeleweka. Uzito hupimwa kwa mizani na mizani haibishani na mtu. Rangi ina herufi zake, kuanzia D hadi Z, na usafi nao una madaraja yanayojulikana. Hata jedwali la bei la Rapaport, ambalo limekuwa likitolewa tangu mwaka 1978 na ambalo wauzaji duniani kote hulitumia kama mwanzo wa mapatano, limepangwa kwa uzito, rangi na usafi. Mkato hauna safu yake humo. Mwenye kulisoma kijuujuu hudhani kuwa mawe mawili ya karati moja, yenye rangi moja na usafi mmoja, yana thamani sawa. Sokoni si hivyo. Jiwe moja litauzwa kwa punguzo dogo tu chini ya jedwali, au hata juu yake, na la pili litazungushwa miezi kadhaa bila kupata mtu, na tofauti yao kubwa ni namna yanavyorudisha mwanga.

Mfano wa hesabu utaonyesha ukubwa wa hasara yenyewe. Almasi ya mviringo ya karati moja, ambayo ni sawa na gramu 0.2, ikikatwa vizuri huwa na kipenyo cha milimita 6.4 hadi 6.5, na kina chake huwa kama asilimia 61 au 62 ya kipenyo hicho. Sasa mkataji akiamua kuacha kina kifike asilimia 65, na mkanda unaozunguka kiuno cha jiwe akauacha mnene, karati moja hiyo hiyo inaweza kuwa na kipenyo cha milimita 6.2 tu. Jiwe la milimita 6.2 lililokatwa sawasawa lina uzito wa karati 0.89 hivi. Maana yake mnunuzi wa jiwe la kina amelipia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya karati iliyofichwa chini na kiunoni, mahali ambapo hakuna jicho litakaloiona likishafungwa kwenye pete.

Lakini hasara haiishii kwenye hiyo sehemu ya kumi. Bei ya almasi kwa karati haipandi kidogo kidogo kama bei ya sukari. Hupanda kwa ngazi, na ngazi moja kubwa iko pale uzito unapofika karati 1.00. Tuseme, kwa mfano tu, mawe ya aina fulani yenye uzito wa karati 0.90 hadi 0.99 yanakwenda kwa dola 4,000 kwa karati, na yale ya karati moja kamili kwa dola 5,000. Jiwe la karati 0.90 litagharimu dola 3,600 na la karati 1.00 litagharimu dola 5,000. Mnunuzi wa jiwe la kina, ambalo likitazamwa kwa juu ni dogo kama lile la 0.89, ameongeza dola 1,400 kwa ajili ya uzito usioonekana. Na bado hajahesabu mwanga alioupoteza.

Hapo ndipo siri ya wakataji ilipo, na si siri ya uhalifu. Mkataji hununua almasi ghafi kwa uzito na huuza iliyokatwa kwa uzito. Kila anapolisogeza jiwe kwenye sahani ya kusagia, sehemu ya mali yake inageuka vumbi. Akiona kuwa akikata kwa pembe zinazotakiwa atapata karati 0.92, na akiiba kidogo kwenye pembe atapata 1.01, ngazi ya bei inamvuta kwa nguvu aende kwenye 1.01. Mjini Surat, nchini India, ambako inakadiriwa kuwa almasi tisa katika kila kumi duniani hukatwa, uamuzi huo hufanywa kwa kompyuta kabla jiwe halijaguswa. Mashine hupima umbo la jiwe ghafi na kuonyesha michoro kadhaa ya mawe yanayoweza kutoka humo. Anayechagua mchoro huwa anamwangalia mnunuzi wa mwisho. Mnunuzi asiyeuliza mkato hukatiwa uzito.

Ili kuelewa kinachopotea, hapana budi kujua almasi inavyofanya kazi. Mwanga ukiingia katika almasi hupinda sana kuliko unapoingia katika kioo cha kawaida au maji. Ukishakuwa ndani na kugonga ukuta wa jiwe, mambo mawili yanaweza kutokea. Ukigonga karibu na wima, ndani ya digrii 24 na nusu hivi kutoka mstari wa wima wa ukuta huo, hupenya na kutoka. Ukigonga kwa mshazari zaidi ya hapo, hurudishwa wote kama vile ukuta ni kioo cha kujitazamia. Kazi nzima ya mkataji ni kuzipanga kuta za chini, zile zinazochongoka kama pia, ili mwanga unaoingia kwa juu ugonge upande mmoja, urudishwe upande wa pili, kisha upande na kutoka tena juu kwenye jicho la mtazamaji.

Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, kijana wa familia ya wakata almasi wa Ubelgiji, alichapisha kitabu kilichoweka hesabu hizo wazi. Kwa almasi ya mviringo alipendekeza kuta za chini ziwe na pembe ya digrii 40.75, zile za juu, sehemu inayoitwa taji, digrii 34.5, na uso bapa wa juu kabisa, unaoitwa meza, uwe asilimia 53 ya kipenyo. Zaidi ya miaka mia imepita na wataalamu wameongeza na kupunguza hapa na pale, kwa sababu sasa inajulikana kuwa kuna mchanganyiko zaidi ya mmoja unaotoa jiwe zuri. Hata hivyo namba za Tolkowsky hazijawa mbali na ukweli. Jiwe lenye pembe za chini karibu na 40.8 na taji karibu na 34.5 mara chache humwaibisha mwenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa pembe hizi mbili hufanya kazi kwa kutegemeana. Taji likiwa na mwinuko mkali, kuta za chini zinatakiwa zilale kidogo, na taji likilala, kuta za chini zinaweza kuinuka kidogo. Zikiinuka zote mbili kwa pamoja, mwanga huvujia chini. Tena kosa la kuta za chini ni zito zaidi, kwani nusu digrii huko huharibu kuliko digrii nzima kwenye taji. Kuta za chini zikilala kupita kiasi, mkanda wa kiunoni huonekana ndani ya meza kama duara la kijivu, na wenye biashara huliita jiwe hilo jicho la samaki. Zikichongoka kupita kiasi, katikati huingia giza, nalo huitwa kichwa cha msumari. Jiwe la namna hiyo laweza kuwa na rangi D na usafi usio na dosari, na bado likakaa kidoleni kama kipande cha chupa.

Wapo watakaosema kuwa matatizo hayo yamekwisha kwa sababu siku hizi kuna hati za maabara. Ni kweli kwa sehemu. Taasisi ya Gemological Institute of America, GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilianza kutoa daraja la mkato kwa almasi za mviringo mwaka 2006. Daraja ni tano, kuanzia bora kabisa hadi hafifu, na huangalia wingi wa mwanga mweupe unaorudi, miale ya rangi ambayo wauzaji huiita moto, kumetameta kwa jiwe linapotikisika, pamoja na uwiano wa uzito, uimara, usagaji na ulinganifu. Ni hatua kubwa na mwekezaji mdogo ana kila sababu ya kuitumia.

Tatizo ni kuwa daraja la juu kabisa ni pana kuliko jina lake. Pembe za chini zinaweza kuwa popote kati ya digrii 40.6 na 41.8, taji kati ya 31.5 na 36.5, na meza kati ya asilimia 52 na 62. Ndani ya uwanja huo kuna mawe mazuri sana na kuna mawe yaliyopita kwa kubahatika, yakiwemo yale yenye taji kali na chini kali kwa pamoja. Yote yana neno lile lile kwenye hati. Muuzaji hujua lipi ni lipi, na mnunuzi asiyesoma namba zilizochapishwa chini ya mchoro wa jiwe hajui. Maabara ya chama cha wauza vito wa Marekani, AGS, ilikuwa na kipimo kikali zaidi cha mwanga, lakini ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2022 na kazi hiyo kuchukuliwa na GIA, ambayo hutoa hati ya ziada kwa anayeitaka.

Kuna mtego mwingine ambao umewanasa watu wengi. Hati huwa na mistari inayohusu usagaji na ulinganifu, na kila mmoja unaweza kuandikwa "bora kabisa". Usagaji unaeleza kama nyuso za jiwe ni laini, ulinganifu unaeleza kama zimepangwa sawasawa. Hakuna hata mmoja unaosema kama pembe ni sahihi. Mtu anaweza kujenga nyumba kwa matofali yaliyonyooka na lipu safi, na mvua ikaingia kwa sababu paa limelala. Muuzaji anapotaja ubora wa usagaji na ulinganifu huku akikwepa mstari wa mkato, mnunuzi aombe hati aisome mwenyewe.

Na kwa almasi zisizo za mviringo, mfumo huo wa mwaka 2006 haukuzihusu. Jiwe la umbo la yai, la tone au la mashua linaweza kuwa na hati safi kabisa na katikati likawa na kivuli cheusi kilichotanda kama tai ya shingoni. Huko jicho ndilo maabara.

Basi jicho litazameje? Kwanza jiwe lisafishwe. Almasi hupenda mafuta. Migodini watu walikuwa wakizinasa kwa kupitisha mchanga na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe mengine yakaenda na maji na almasi zikabaki zimeganda. Jiwe lililoshikwashikwa na madalali watano mchana kutwa lina utando wa mafuta ya vidole upande wa chini, na kuta za chini zenye mafuta haziwezi kurudisha mwanga inavyopaswa. Jiwe zuri linaweza kukataliwa kwa sababu ya uchafu, na huo nao ni upotevu, safari hii kwa muuzaji.

Pili, taa. Taa ndogo kali za kwenye maduka ya sonara huwekwa pale kwa makusudi. Chini ya taa hizo karibu kila almasi hutoa miale myekundu, ya buluu na ya kijani. Mnunuzi alitoe jiwe hapo alipeleke karibu na dirisha, kisha chini ya taa ya kawaida ya ofisini, kisha alishike chini ya meza penye kivuli. Jiwe lililokatwa vizuri litaendelea kuwa hai hata kwenye kivuli, likionyesha sehemu nyeupe na nyeusi zenye mpaka mkali zinazobadilishana likitikiswa. Jiwe linalovuja huwa na maeneo ya kijivu yaliyokufa ambayo hayabadiliki hata likigeuzwa. Wanaofanya kazi hii kila siku hutumia kifaa kidogo chenye kioo cha rangi nyekundu ndani: panaporudi mwanga huonekana pekundu, panapovuja huonekana peupe. Ni kifaa rahisi na hakihitaji umeme wa mtambo wowote.

Hapa inafaa kuonya kuhusu kipimo cha zamani cha kuliweka jiwe kifudifudi juu ya maandishi ya gazeti. Inasemekana maandishi yakisomeka, jiwe ni bandia. Kipimo hicho husaidia dhidi ya kioo. Hakisaidii dhidi ya moisanaiti, jiwe la viwandani linalopinda mwanga zaidi ya almasi yenyewe. Moisanaiti pia hutawanya rangi zaidi ya mara mbili ya almasi, kwa hiyo mnunuzi anayevutiwa na jiwe kwa sababu tu "linatoa moto sana" anaweza kuwa anavutiwa na kitu kingine kabisa. Moto uliopitiliza ni sababu ya kutafuta mashine ya kupimia. Nazo almasi zinazokuzwa viwandani ni almasi halisi kwa kemia yake na hung'aa sawa na za mgodini. Hizo jicho haliwezi kuzitenga, ni maabara tu.

Kwa Tanzania suala hili si la kigeni hata kidogo. Mgodi wa Mwadui, uliogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, ulitoa mwaka 1947 almasi ya waridi ya karati 54.5 ambayo alipewa Malkia Elizabeth wa Uingereza, wakati huo bado binti mfalme. Ilikatwa London na kubaki karati 23.60. Zaidi ya nusu ya jiwe iliachwa iende. Mwaka 2021 jiwe ghafi la waridi la karati 32.32 kutoka mgodi huo huo liliuzwa dola milioni 13.8. Likakatwa, likabaki karati 11.15, na Oktoba 2022 likapigwa mnada Hong Kong na kuuzwa dola milioni 57.7. Wakati ni ghafi lilikuwa na thamani ya dola 427,000 hivi kwa karati. Baada ya theluthi mbili yake kuwa vumbi, kila karati iliyobaki ilifika zaidi ya dola milioni 5.

Ni kweli jiwe hilo ni la peke yake, na bei yake ilitokana na rangi. Tena mkataji wa almasi ya waridi hahangaiki na namba za Tolkowsky. Hutafuta umbo linaloushikilia mwanga ndani kwa muda mrefu zaidi ili rangi ikolee, na ndiyo maana lilikatwa umbo la mto wa kulalia. Lakini kinachoonekana hapo ni kuwa mwenye jiwe alikubali kupoteza uzito ili apate kile ambacho mnunuzi anakitazama. Mwenye karati moja ya kawaida anaogopa kupoteza hata sehemu ya kumi.

Madalali wa Maganzo, jirani na Mwadui, nao wana la kujifunza ingawa wao huuza ghafi. Bei anayoitaja mnunuzi mgeni haitoki kwenye mizani. Ameshalipiga jiwe hesabu kichwani: litatoa jiwe gani, la kipenyo gani, ngazi gani ya bei. Jiwe ghafi la pembe nane lililotimia hukatwa katikati na kutoa mawe mawili yenye pembe nzuri. Jiwe bapa la uzito ule ule linaweza kutoa moja tu la maana, tena kwa taabu ya kuta za chini kulala. Anayeyauza yote mawili kwa bei moja ya karati amempa mgeni zawadi katika la kwanza. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalisisitiza madini kuongezewa thamani nchini, na ni sera nzuri, lakini ujuzi wa mkato hauji kwa kifungu cha sheria. Iringa ilikuwa na kiwanda cha kukata almasi, Tancut, na wengi leo wanakikumbuka kwa bendi yake ya muziki kuliko kwa almasi zake. Mafundi wake wangekuwa walimu wazuri.

Kwa mwekezaji mdogo anayenunua jiwe moja au mawili kama akiba, tahadhari ni kubwa zaidi kuliko kwa dalali. Dhahabu ina bei moja duniani kila asubuhi. Almasi haina, na tangu mwaka 2022 bei za almasi za migodini za ukubwa wa kawaida zimeshuka huku zile za viwandani zikijaa sokoni. Katika soko la namna hiyo mnunuzi ndiye anayechagua, na la kwanza kuwekwa pembeni ni lile linaloonekana dogo na lenye giza katikati. Mwenye nia ya kuweka akiba afadhali anunue karati 0.90 yenye mkato bora na hati inayoonyesha pembe zake, kuliko karati 1.00 iliyonenepa kiuno.

Aliyekwisha kununua la pili ana njia moja: kulirudisha kwa mkataji. Kiuno kikipunguzwa na kuta za chini zikirekebishwa, jiwe huenda likashuka hadi karati 0.88 au 0.89 huku kipenyo kikibaki karibu pale pale, na mwanga ukafufuka. Gharama yake ni kazi ya mkataji, hati mpya, na kushuka ngazi moja ya bei kwenye jedwali. Wenye mawe wengi wakisikia hilo la ngazi hukunja karatasi yao, wakarudisha jiwe mfukoni na kusubiri mtu mwingine atakayeuliza karati tu.